Mguu Sawa Kando ya Reli

Nilipotoka jeshini, watu wote walioniamkia waliniuliza swali moja: utalinda wapi? Hawakuuliza kama nitalinda. Nairobi mlinzi wa geti huitwa soja, na kwa watu wengi mwanajeshi aliyevua sare ni soja ambaye bado hajapata geti lake. Mimi sikutaka geti. Nilikuwa bado kijana, sijafika miaka thelathini, na ile miaka tisa ya kambini niliipitisha nikiwa nimesimama. Nilisimama lindo, nilisimama gwaride, nilisimama foleni ya chakula na foleni ya dawa. Nilitaka kazi ya kukaa chini na kutengeneza kitu.

Masomo ya kunisaidia sikuwa nayo. Niliishia darasa la saba, na wakati wangu walikuwa bado wanachukua hata wa darasa la saba kama mbio zake ni nzuri na kifua hakina shida. Maneno nayo yalikuwa machache. Tangu utotoni naona haya kusema mbele ya watu. Jeshini haya hiyo haikunisumbua, kwa sababu askari wa chini haulizwi maoni. Anaambiwa, anajibu "Ndiyo, afande," anatenda. Miaka tisa sikuhitaji sentensi nyingine.

Dada yangu alikuwa akiishi Laini Saba, huko Kibera, katika chumba cha udongo na mabati karibu kabisa na reli. Alinitangulia kutoka nyumbani, upande wa ziwa, na mumewe alipofariki hakurudi. Asubuhi alikaanga mandazi mbele ya mlango wake, jioni alikaanga samaki. Alinipa upande wa pili wa pazia akaniambia:

"Wewe utalala hapo. Lakini hiyo mambo ya kukunja blanketi kama bahasha, wacha. Watu watasema nimefungua hoteli."

Sikuweza kuacha. Niliamka mapema, nikafagia mbele ya mlango wake, kisha mbele ya mlango wa jirani, kisha wa jirani wa jirani, kwa sababu kambini hukufagia mlango wako peke yake. Ulifagia mpaka uambiwe basi. Mama mmoja aliyepika pombe ya busaa alifungua mlango akanikuta nimeinama kizingitini kwake na ufagio. Akafunga tena. Dada alinieleza baadaye kwamba yule mama alikaa ndani asubuhi nzima akijiuliza natafuta nini pale.

Ng'ambo ya reli palikuwa na karakana ya jua kali. Nikisema karakana nakuza mambo: ilikuwa paa juu ya nguzo nne, bila ukuta, na watu wawili chini yake wakigonga bati kutwa nzima. Walitengeneza masanduku ya wanafunzi wa bweni, makarai na majiko. Mwenyewe alikuwa fundi wa makamo, mtu wa kwetu, mwenye vidole vifupi vilivyojaa makovu na sauti ya mtu aliyezoea kushindana na nyundo. Wa pili alikuwa kijana wa rika langu, mzaliwa wa Kibera, aliyeweza kuongea hata akiwa na ribiti, misumari ya kuunganishia bati, mdomoni. Dada aliwauzia mandazi, na ndiye aliyeniombea nafasi. Fundi alisema nije nijaribu, tuone.

Kila siku ilipofika saa nne, nyundo zililazwa chini. Dada alivuka reli na beseni la mandazi, fundi akamimina chai kutoka kwenye birika lililokuwa jeusi kwa moshi, na mafundi wa vibanda vya jirani walikuja, kila mtu na kikombe chake, wakaketi juu ya masanduku ambayo hayajapakwa rangi. Hapo matusi yalianza. Mmoja aliambiwa jiko lake linawaka kama moyo wa mama mkwe, mwingine aliambiwa sanduku lake litavujisha hata vitabu. Nilikuwa nimewatazama kwa siku kadhaa kutoka mlangoni kwa dada kabla ya kuanza kazi, na hicho ndicho nilichokitaka kuliko kazi yenyewe. Nilitaka kuwa mmoja wao. Nilitaka kuketi juu ya sanduku na kutukanwa na watu wanaonipenda.

Siku ya kwanza niliripoti kabla jua halijatoka. Hapakuwa na mtu. Nikasimama. Fundi alipofika na ufunguo wa kisanduku cha vyombo, alinikuta hapo.

"Umekuja saa ngapi?"

"Mapema."

"Kufanya nini?"

Alifungua vyombo vyake, akanitazama tena, akaanza kazi.

"Leta hiyo bati." Nikaleta. "Shika hapa." Nikashika. Kisha akanyamaza, akaendelea kukata. Mimi nikarudi nyuma, miguu imeachana, mikono nyuma, macho mbele. Hivyo ndivyo askari anavyongoja amri inayofuata. Ni mguu pande, na mguu pande ni kupumzika, ila anayejua kwamba ni kupumzika ni yule aliyefunzwa. Wengine wanaona mtu aliyesimama akiwakodolea macho.

Fundi aliinua kichwa, akaniita ndugu kwa lugha ya kwetu. "Omera, unaangalia nini?"

"Nangoja kazi."

"Kazi?" Alizungusha mkasi hewani, akaonyesha rundo la mapipa yaliyopasuliwa, bati zilizokunjamana, masanduku yasiyo na vifuniko. "Kazi si hii imekuzunguka? Ama unataka ikusalimie kwanza?"

Sikujua kuanza kazi bila kuambiwa. Sikujua hata kuacha. Jioni ile fundi aliondoka kwenda kumtazama mgonjwa, na yule kijana mwenzangu naye akaenda zake. Hakuna aliyeniambia niende, kwa hiyo sikuenda. Dada alivuka reli kunitafuta.

"Unalinda nini?"

"Hajaniambia nitoke."

Alicheka mpaka akashika nguzo. Kisha akaona sicheki, naye akaacha. "Ndugu yangu," akasema, "huku watu hawatolewi. Wanaenda tu."

Wiki hiyohiyo nilifanya kosa la neno. Fundi alikuwa akipinda ukingo wa kifuniko juu ya kipande cha reli tulichotumia kufulia bati, nami nimeshika upande wa pili. Mkono ukateleza. "Shika vizuri!" akafoka, na mimi nikajibu kwa sauti yote ya gwaride:

"Ndiyo, afande!"

Nyundo zilinyamaza, zetu na za kibanda cha pili na cha tatu. Ng'ambo ya reli, mama aliyekuwa ameketi na jerikeni alivuta leso yake begani akafunika nayo jerikeni polepole, macho yake kwangu.

Mwenzangu alitema ribiti kiganjani. "Buda, hiyo neno umetoa wapi?"

"Ni ya jeshi. Ni heshima tu."

"Heshima yenu iwache hukohuko. Hapa afande ni karao, ni polisi. Ukiita fundi afande, wamama wataanza kumwaga pombe kwa mtaro. Unataka panya walewe?"

Watu walicheka. Fundi naye alicheka. "Mimi niite fundi," akasema. "Hata bibi yangu akikasirika ananiita fundi."

Nyundo zikarudi. Nilidhani jambo limeisha hapo.

Kuanzia siku hiyo mwenzangu alijipa kazi ya kunifundisha uraia. Aliniita Jenero. Akifika asubuhi alinipigia saluti kwa mkasi wa bati, akasema, "Jenero, leo tunafanya mazoezi ya kuketi." Akiniona nimesimama mguu pande alinirushia kipande cha bati miguuni: "Kaa chini, vita iliisha!" Alinifundisha na salamu.

"Niaje, Jenero?"

"Salama."

"Salama ni ya kanisa. Sema poa."

"Poa."

"Wewe! Unaisema kama unakula kiapo. Legeza shingo. Poooa."

"Poa."

"Haya, tutajaribu kesho. Shingo yako ni ya serikali bado."

Polepole nikaanza kuona kazi bila kuonyeshwa. Siku moja fundi alikuwa na mteja, mwenzangu ameenda kununua rangi, na mimi nikaona bawaba ya sanduku moja imekaa upande. Niliitazama kwa muda mrefu. Nilitazama na fundi, kama ataniambia. Hakuniambia. Mwishowe nikachukua tindo, nikang'oa zile ribiti, nikaiweka upya. Fundi alipomaliza na mteja alifungua kifuniko, akafunga, akafungua, akafunga. Saa nne ilipofika alinimiminia chai mimi kwanza, na fundi mmoja wa makarai wa kibanda cha pili akasogea juu ya sanduku lake, akapiga bati pembeni yake kwa kiganja.

"Keti hapa, Jenero. Lakini toa hicho kichwa kwa jua. Kinang'aa mpaka treni itadhani ni taa, isimame."

Niliketi. Walicheka wote, na mimi nikacheka nikiwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili ili chai isimwagike. Sikumbuki kama nimewahi kuwa na furaha kubwa kuliko ile. Tuliendelea hivyo miezi kadhaa.

Msako ulikuja mchana mmoja wa jua kali. Misako haikuwa kitu kigeni. Polisi walikuja kutafuta pombe, na wakija kutafuta pombe walichukua na yeyote asiye na kipande, yaani kitambulisho, mfukoni. Lori lilisimama panapovukwa reli, nao wakatembea kwa mistari miwili, mmoja kila upande wa reli, wengine na sare na wengine na makoti ya kawaida. Akina mama walikuwa wameshaanza kumwaga. Harufu ya busaa ilijaa hewani.

"Chini! Wote chini!"

Watu wa Laini Saba wanajua kuchuchumaa. Hakuna anayewafunza, wanaona tangu utotoni. Fundi alichuchumaa na nyundo yake kando, mwenzangu akachuchumaa, mafundi wa vibanda vyote wakachuchumaa, mikono kichwani. Mimi nilisikia sauti ya amri, na mwili wangu ulijua jambo moja tu la kufanya ukisikia sauti ile. Visigino viligongana. Kidevu kilipanda. Mikono ilinyooka mapajani. Kando ya reli yote, kutoka kivukoni mpaka penye bomba la maji, niliyesimama nilikuwa mimi peke yangu.

Mkubwa wao alikuja mbio na rungu. "Wewe! Hujasikia chini?"

"Ndiyo, afande!"

Rungu likasimama. Alinitazama viatu, akapanda na macho mpaka usoni. "Ulikuwa kikosi gani?"

Nilitaja namba yangu, cheo changu na kikosi changu, kwa pumzi moja, kama tulivyofunzwa. Akacheka. Akageukia wenzake, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliyechuchumaa aliisikia:

"Huyu ni wetu. Wewe, simama kando."

Nikasimama kando.

Walianza kuuliza vipande. Cha fundi kilikuwa katika mfuko wa shati, ndani ya karatasi ya nailoni. Cha mwenzangu kilikuwa nyumbani, katika suruali ya Jumapili.

"Iko kwa nyumba, afande. Ni hapo tu nyuma. Mtu anaweza kunisindikiza nichukue."

"Ingia laini."

Akanigeukia. Alikuwa bado amechuchumaa, mikono kichwani, kwa hiyo alinitazama kutoka chini. Alijaribu hata kutabasamu.

"Jenero. Si uwaambie. Unanijua."

Yule mkubwa naye alinitazama. Nafikiri alikuwa anangoja. Neno moja lingetosha, na nimelitafuta neno hilo mara nyingi tangu siku ile, nikaona hata "ni kweli" lingetosha. Lakini nilikuwa mguu sawa. Askari aliye mguu sawa hasemi mpaka asemeshwe na mkubwa wake, na yule mkubwa hakuniuliza chochote. Nilingoja aniulize. Macho yangu yalikuwa mbele, juu ya vichwa vya watu, kwenye mabati ya upande wa pili. Nilisikia mwenzangu akiinuliwa, nikasikia viatu vyake kwenye kokoto za reli vikienda kwenye lori. Yule mama wa busaa, jirani yetu, alipelekwa pia.

Lori lilipoondoka watu waliinuka, wakajipangusa magoti. Hakuna aliyenisemesha. Fundi aliokota nyundo yake, akaitazama, akairudisha chini. Sote tulikuwa tumesikia: huyu ni wetu.

Kesho yake saa nne chai ilipikwa. Mafundi wa vibanda vya jirani hawakuja. Nilisikia vikombe vyao kule kwao, na kicheko kidogo cha watu wanaojaribu kucheka. Dada alileta mandazi, akatuwekea, akapeleka beseni kwao, akarudi nalo likiwa bado limejaa. Fundi alimimina vikombe viwili.

Nilijua lazima niseme. Mtu mwingine angesimama katikati ya vibanda vile akaapa kwa sauti, akalia, akatukana, na pengine watu wangemsikia. Mimi nilipanga maneno yangu siku mbili. Nilijiambia nitaanza na fundi, na nikishapita kwake nitaweza kwa wengine. Siku ya tatu nilimkuta peke yake anafungua vyombo.

"Fundi," nikasema, "nimekuja kuripoti."

Mkono wake ukaacha ufunguo. "Kuripoti nini? Kwa nani?"

"Kwako. Juu ya ile siku."

"Ile siku uliripoti?"

"Hapana. Nimekuja kuripoti kwamba sikuripoti."

Jeshini kuripoti ni kujitokeza tu. Ukiugua unaripoti, ukirudi likizo unaripoti, ukiamka unaripoti. Huko Laini Saba kuripoti ni kwenda kituoni kutaja watu. Nilijua hivyo, nilikuwa nimeshajua kwa miezi mingi, lakini nilipotaka kusema jambo zito kuliko yote niliyowahi kusema, neno lililokuja mdomoni lilikuwa la kambini. Na kibanda cha pili kilikuwa kimeshafunguliwa. Fundi wa makarai alikuwa amesimama na kikombe cha maji, anasikia.

"Mimi nakuamini," fundi akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Kama ungekuwa mtu wao, haungekuwa mjinga hivi. Lakini mimi ni mtu mmoja, omera. Hapa ni mahali pa maneno. Mteja akikaa anataka kuongea. Akiogopa kuongea, anaenda kununua sanduku kwingine."

Mwenzangu alirudi baada ya wiki moja, amenyolewa, shingo imekonda. Nilipomwona anavuka reli nilisimama kutoka kwenye sanduku nililokuwa nimekalia. Nilikuwa na kikombe chake mkononi, nimekiosha. Alimsalimia fundi kwa mkono. Alichukua nyundo yake na mkasi wake kutoka kisandukuni, akaenda kuanza kazi kibanda cha pili. Alipita karibu nami kiasi cha kugusana mabega, na hakusema Jenero, wala hakusema lolote. Afadhali angenitukana.

Dada hakunilaumu hata mara moja. Mandazi yalirudi na beseni, naye alisema, "Leo watu hawana njaa." Kesho yake akasema jua ni kali, watu wanataka maji. Jirani aliyekuwa akimwachia mlango ukiwa wazi alianza kuufunga. Yule mama wa busaa aliporudi kutoka kituoni alitema mate mbele ya mlango wetu, katikati kabisa, pale nilipofagia. Jioni moja dada aliketi kwenye kiti chake kidogo, samaki wamepoa mbele yake, akasema bila kunitazama:

"Mimi sijakufukuza."

"Najua."

"Nikikufukuza, mama atatoka kaburini kunichapa."

"Najua, dada."

"Ni watu."

"Najua."

Alipangusa macho kwa ncha ya leso, akasema ni moshi. Moto ulikuwa umezimika zamani.

Mtu wa kanisa lake ndiye aliyenipatia kazi ya geti Kabiro, kule Kawangware. Mwenye ploti alikuwa bibi mzee ambaye mumewe alirithi shamba hapo kabla ya nyumba kujaa, na sasa alikuwa na safu mbili ndefu za vyumba vya kupangisha, ua katikati na geti la chuma. Alitoka nje na bakora yake.

"Ni wewe ulikuwa jeshi?"

"Ndiyo, mama."

"Simama nikuone."

Nikasimama. Hakuhitaji kuniambia namna gani. Alinizunguka kama anayenunua ng'ombe.

"Haya," akasema. "Hiyo ndiyo nataka. Wapangaji wangu wananizoea sana. Nataka mtu wanaogopa."

Kazi hiyo niliiweza. Hilo ndilo linaloniuma. Yale yote yaliyonishinda Laini Saba yalinifaa Kabiro: kusimama bila kuchoka, kutosema, kutocheka, kutazama mbele. Nilifunga geti kwa wakati na nilifungua kwa wakati. Ua ulikuwa safi tangu mlango wa kwanza mpaka wa mwisho. Akina mama waliokuwa wakibishana kwenye mfereji wa maji walinyamaza nikipita. Nilipewa koti, chumba kidogo kando ya geti, na jina. Watoto walitumwa kwangu: "Afande, mama anasema utufungulie." Siku za kwanza niliwaambia mimi si afande. Walidhani ninawajaribu. Nikaacha kusema.

Sikuwachukia watu wa ploti ile, nao hawakunifanyia ubaya. Lakini hakuna aliyewahi kunipigia bati kwa kiganja akaniambia keti hapa. Saa nne asubuhi nilinywa chai yangu nimesimama.

Nilimtembelea dada Jumapili nilipopewa nafasi. Mara ya kwanza nilipita njia ya reli, na kabla sijafika kwake habari zilikuwa zimeshafika. Alinikaribisha, akanipa chakula, na nilipoaga akanisindikiza mpaka pembeni.

"Ukija tena," akasema, "shukia Ngong Road, upitie soko la Toi. Uje na nyuma. Ni mbali kidogo lakini ni afadhali."

"Kwa nini?"

Alinitazama hivi, kama mtu anayeuliza kama kweli nataka ajibu. Sikutaka. Tangu siku hiyo nilipitia Toi.

Karibu mwaka mmoja baadaye, nikikatiza soko upande wa wauza vyombo, nilisikia sauti ninayoijua. Mwenzangu alikuwa amejitegemea. Alikuwa ametandaza turubai, na juu yake masanduku yaliyopakwa rangi ya buluu, makarai, na majiko yaliyopangwa kwa ukubwa. Alikuwa akimtania mteja, mama mnene aliyekuwa akigonga jiko kwa vidole.

"Usiligonge hivyo, mathe, litaamka. Hili ukiliwasha leo, mzee wako atarudi nyumbani mapema. Akichelewa, niletee yeye, si jiko."

Yule mama alicheka hadi kikapu kikamponyoka. Nilisimama nyuma ya nguo za mitumba zilizotundikwa, nikasikiliza. Nilifurahi sana. Nilifurahi kwamba ana kazi yake, kwamba shingo yake imejaa tena, kwamba mdomo wake haukuharibiwa. Nikafikiri: muda umepita. Nikafikiri nitamwendea mimi kwanza, na yeye atanirushia kitu miguuni, basi. Mama alipoondoka nikatoka.

Aliponiona alisimama. Alivua kofia.

"Habari yako, mkubwa."

"Poa," nikasema. Nililegeza shingo vile alivyonifundisha. Nadhani nilikosea kidogo, na nilingoja anicheke.

"Ni vizuri, mkubwa," akasema.

"Biashara aje?"

"Tunasukuma tu. Lakini kila kitu iko sawa, mkubwa. Leseni ya kanjo iko." Mkono wake ulikuwa umeshaingia mfukoni. "Na kipande iko."

"Mimi sikuulizi hiyo."

"Sawa, mkubwa. Lakini iko."

Nilikuwa na maneno. Safari hii nilikuwa nayo kweli, nilikuwa nimeyabeba mwaka mzima: kwamba siku ile sikuwa wao, kwamba ni mwili tu uliosimama, kwamba kila siku nasikia viatu vyake kwenye kokoto. Lakini nilimwona jinsi alivyosimama, kofia mkononi, macho kwenye vifungo vya koti langu la ulinzi, na nikaona kwamba lolote nitakalolisema atalijibu, "Sawa, mkubwa."

Aliinama, akachukua jiko moja la ukubwa wa kati, akalipangusa kwa mkono wa shati, akanipa.

"Chukua hii."

"Ni bei gani?"

"Aah, wewe chukua tu, mkubwa. Si tunasaidiana."

Kila mtu sokoni anajua maneno hayo huambiwa nani. Muuza ndizi wa jirani yake aligeuza uso akatazama kwingine, kwa adabu, kama watu wanavyofanya polisi akipewa chake. Nilitaka kukataa. Nilirudisha mkono nyuma kidogo, na mara nikaona macho yake yakihama kutoka jiko lile kwenda kwenye lile kubwa. Alikuwa anafikiri naliona dogo.

Nililichukua. Nikasema asante. Akasema karibu tena.

Dada alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza, akasifu ribiti zake, akaniuliza nimelinunua bei gani. Nikataja bei iliyonijia mdomoni. Akashika kiuno.

"Wamekupunja, ndugu yangu," akasema. "Mpaka leo bado hujajua kununua kama raia."